Akriliki inapasuka kila nikitoboa: tatizo ni biti, mkono, au hili joto la Dodoma?

#1 Kibao cha Mlango
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya vibao 14 vya milango ya ofisi huku Mtumba. Akriliki (ile plastiki ngumu inayofanana na kioo) ya milimita 5, kila kibao sentimita 40 kwa 15, matundu manne kwenye kona, kila tundu milimita 10 kwa ajili ya spesa, zile boliti za kung'aa zinazokisogeza kibao mbele kidogo ya ukuta. Natumia drili ya mkono na biti ya chuma ya kawaida, mpya kabisa.

Vibao vitano vya kwanza, vitatu vimepasuka. Vyote vimepasuka wakati uleule: biti inashuka vizuri, vizuri, halafu ikikaribia kutokea upande wa pili nasikia "ta!" na kona imeondoka.

Hilo naweza kulivumilia. Kilichonileta hapa ni kibao cha nne. Kilitoka kizima, nikakifunga Jumatatu. Jumatano ya wiki iliyofuata mteja ananipigia: kina ufa kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Hakuna aliyekigusa. Cha tano kiko ukuta huohuo, mlango wa pili yake, kizima mpaka leo.

Nahitaji kujua biti gani, kasi gani, na ule ufa wa siku tisa baadaye umetoka wapi. Akriliki naagiza Dar, kila kona inayopasuka ni hela yangu.

#2 Nkuhungu Boy
Mkuu, achana na biti. Pasha msumari kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, shika kwa koleo, choma. Tundu linatoka dakika moja na hakuna "ta!" yoyote. Nimetoboa hivyo namba za nyumba tangu nikiwa kijana.

#3 Chuma Chakavu
Drili yako si ina kitufe cha kurudisha nyuma? Izungushe kinyume. Biti inasugua tu bila kuchimba, akriliki inalainika yenyewe na tundu linapita. Kwa ya milimita 2 au 3 sijawahi kupasua.

#4 Dada Stika
#2 na #3 mnamfundisha jambo lilelile: kuyeyusha badala ya kukata. Kibao kitatoka kizima mezani, sikatai. Lakini tazameni mdomo wa tundu la msumari: kuna mviringo uliovimba, na ukiugeuza kwenye mwanga unaona mawimbi. Pale akriliki iliyeyuka ikapoa ghafla huku pembeni yake ikiwa baridi, kwa hiyo imejifunga kwa mvutano. Ukija kuibana na boliti, ufa unaanzia hapo. Nina duka la mabango, nimeshabadilisha vibao vya watu vilivyotobolewa hivyo. Mteja hajui kama ni msumari, anajua tu kwamba kimepasuka.

#5 Mzee Kerezo
Kijana, swali lako ni zuri kwa sababu umeeleza wakati kinapopasuka. Wengi husema "imepasuka" basi.

Nimekereza chuma na shaba zaidi ya miaka thelathini, akriliki nimekutana nayo ukubwani. Biti uliyonunua imetengenezwa kwa ajili ya chuma. Itazame mdomo wake kwa ubavu utaona makali yameinamia mbele, kama patasi iliyolazwa. Kwenye chuma hilo ni jema, maana chuma ni kigumu, kinaizuia biti isijizamishe. Akriliki haina nguvu hiyo. Biti inajivuta yenyewe kuingia ndani, kama skrubu inavyojivuta kwenye mbao. Ikiwa katikati huoni tabu kwa sababu chini bado kuna nyama ya kutosha. Ikibaki nyembamba kama ukucha, biti inairukia kwa pupa, inaing'oa badala ya kuikata. Hiyo ndiyo "ta!" yako.

Shaba ya manjano ina tabia hiyohiyo, na dawa yake ni ileile tangu zamani: ua makali ya biti.

#6 Kibao cha Mlango
Shikamoo mzee. Nimeielewa hiyo ya kurukia, ni kweli naihisi mkononi, drili inavutwa. Ila kuua makali ndiyo kufanyaje? Biti isiyo na makali si itachoma?

#7 Mzee Kerezo
Marahaba. Sijasema biti butu. Butu ni ile iliyochoka, inasugua na kuchoma. Hii inabaki kali, ila makali yake yanasimama wima badala ya kuinama.

Chukua jiwe laini la kunolea visu. Grainda usiiguse, itakula biti yote. Simamisha biti, weka jiwe sambamba na urefu wake, liguse uso wa mbele wa makali tu. Piga mara tano au sita kila upande mpaka uone kijistari bapa kinachong'aa, upana wake nusu milimita mpaka milimita moja. Pande mbili zilingane, la sivyo tundu litatoka kubwa kuliko biti. Sasa makali yanakwangua, hayachimbi tena.

Halafu ncha. Biti ya dukani kwa kawaida ina pembe ya nyuzi 118. Kwa akriliki ukiinoa iwe nyembamba zaidi, kati ya 60 na 90, inatokea upande wa pili taratibu, ikianza na ncha ndogo na kutanuka. Hii ya pili inataka mkono uliozoea, ukishindwa iache, ya kwanza peke yake itakusaidia sana.

Na ukimaliza ipake rangi shingoni uitambue. Ukiitumia tena kwenye chuma utadhani umeuziwa biti mbovu.

#8 Singida Alizeti
Mzee heshima yako, lakini fundi wa mabango wa leo atapata wapi muda wa kunoa biti moja moja? Mimi natumia biti ya pia, ile yenye ngazi ngazi ambayo mafundi umeme wanatobolea masanduku ya chuma. Kila ngazi inakwangua kidogo tu, haina pa kujizamishia. Tundu la 4, la 6, la 8, la 10, yote kwa biti moja bila kubadilisha. Na ngazi inayofuata ikigusa tu juu ya tundu inalainisha mdomo.

Kasoro yake: kila ngazi ina kimo chake. Kama kimo ni milimita 5 na akriliki yako ni ya 10, utatoboa upande mmoja, unageuza, unamalizia upande wa pili. Kwa milimita 5 ya muuliza swali hakuna shida.

#9 Mwana Chimwaga
Nimesoma mpaka #8, mmezungumzia makali tu. Naomba niongeze joto.

Akriliki inaanza kulegea karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, na haipitishi joto. Alumini hupitisha joto takriban mara elfu moja zaidi yake. Kwa hiyo unapotoboa alumini joto linakimbia pembeni, unapotoboa akriliki linabaki palepale kwenye mdomo wa tundu. Biti inapata moto, takataka zinayeyuka na kuganda kwenye mifereji yake, zinashindwa kutoka, msuguano unazidi, joto linazidi.

Kwa hiyo: toboa kidogo, inua, acha takataka zitoke, shuka tena. Tone la maji yenye sabuni kidogo linasaidia sana. Na tazama kinachotoka. Kikiwa utepe mrefu unaojisokota, uko sawa. Kikiwa unga, biti inasugua, ama ni butu ama unaibembeleza mno. Kikiwa bonge linalonata, umechelewa kuinua.

#10 Nkuhungu Boy
Profesa wa Chimwaga, maji ya mgao huku kwetu unataka tuoshee biti? 😂

#11 Mwana Chimwaga
#10 chupa ya nusu lita inamaliza vibao vyote 14, mkuu. Ile chupa ya kupulizia nywele saluni. Na drili ni ya umeme, kwa hiyo tone kwenye akriliki, usipulizie mota.

#12 Chuma Chakavu
Kuhusu kasi, maana aliuliza na hakuna aliyemjibu. Mimi nasema taratibu. Ikikimbia inachoma.

#13 Singida Alizeti
#12 si hivyo moja kwa moja. Biti ndogo ya milimita 3 inaweza kukimbia mpaka mwisho wa drili na isiharibu kitu. Kinachosumbua ni mwendo wa ukingo wa biti, na biti kubwa ukingo wake unasafiri mbali zaidi kwa mzunguko uleule. Kwa 10 mimi nabonyeza kitufe mpaka inafika kama mizunguko elfu moja kwa dakika, kwa sikio tu. Kwa 25 nashuka nusu ya hapo. Ila kasi ndogo sana na mkono mzito ndiyo mbaya kuliko yote, maana kila mzunguko biti inakula tonge kubwa. Hapo ndipo kona zinaondoka.

#14 Dada Stika
Nakazia #13. Na kuna mambo matatu nashangaa mpaka sasa hayajatajwa.

La kwanza, chini ya kibao unaweka nini? Kama ni hewa kati ya stuli mbili, hakuna biti itakayokusaidia. Weka kipande cha mbao au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) kisicho na mashimo ya zamani, kibao kilale chote, kisha bana kwa klampu mbili, moja pale pale karibu na tundu. Biti ikitokea ikutane na mbao, isikutane na hewa.

La pili, usibandue ile karatasi au nailoni ya juu. Toboa nayo.

La tatu, umenunua akriliki gani? Kuna ya kumiminwa na ya kusukumwa. Ya kumiminwa inamwagwa kati ya vioo viwili na kuganda polepole. Ya kusukumwa inatoka kwenye mashine kama tambi bapa, inapoa ikiwa inavutwa, kwa hiyo inabaki na mvutano ndani na inalegea kwa joto dogo zaidi. Ya kusukumwa unene wake unalingana kila mahali na ni rahisi kwa bei, lakini ikitobolewa inanata na ikifungwa inapasuka upesi. Dukani wengi wanaziita zote Perspex, na Perspex ni jina la kibiashara tu.

#15 Kibao cha Mlango
Dada, nitaijuaje? Aliyeniuzia alisema "ni original".

#16 Dada Stika
Kama una mtu mwenye mashine ya leza, mwambie akuchoree herufi moja kwenye kipande. Ya kumiminwa inachorwa ikawa nyeupe kama barafu. Ya kusukumwa mchoro unabaki kama maji, hauonekani vizuri. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Mambo ya "ina karatasi" au "ina nailoni" yanadanganya.

#17 Dereva wa Kizota
Samahani wakuu kuingilia. Kioo cha mbele cha bajaji yangu kimelegea nataka kuongeza tundu mbili za skrubu. Nacho ni hiyo hiyo akriliki? Nisije nikakipasua nikaendesha na vumbi lote la Kizota usoni.

#18 Chuma Chakavu
#17 inategemea, vingine ni polikaboneti, plastiki nyingine inayoonyesha kama kioo. Kata kijipande pembeni ambapo hapaonekani, kikunje kwa koleo. Akriliki inavunjika, polikaboneti inakunjika. Ukikichoma nje penye hewa, akriliki inawaka vizuri na harufu yake ni tamutamu kama tunda, polikaboneti inatoa moshi mweusi na ukiondoa moto inajizima. Kama ni polikaboneti toboa kwa biti yoyote kali, ni ngumu kuipasua.

#19 Dereva wa Kizota
Kimekunjika. Asanteni sana.

#20 Mpwapwa Kwetu
Narudi kwenye ufa wa siku tisa, maana naona mmeukimbia.

Mwaka 2020 nilifunga vizuizi vya akriliki kwenye kaunta kadhaa, zile kinga za wakati wa korona. Nilitoboa kwa biti ya pia kama ya #8, matundu safi kabisa. Baada ya wiki chache, sehemu moja tu kati ya zote, matundu yote yakazungukwa na vinyufa vyembamba kama utando wa buibui. Nikaenda kuuliza. Kumbe pale walikuwa wanafuta kizuizi kila asubuhi kwa kitakasa mikono. Kwingine walifuta kwa maji na sabuni, na huko hakukuwa na ufa hata mmoja. Biti ileile, fundi yuleyule, shehena ileile.

Spiriti, thina na petroli ni adui wa akriliki iliyo kwenye mvutano. Zinaingia pale ilipovutwa na kuifungua. Muuliza swali, vibao vyako ulivifuta na nini?

#21 Kibao cha Mlango
Mkuu Mpwapwa… karatasi ya juu iliacha gundi, nilifuta kwa thina. Vyote viwili, cha nne na cha tano.

#22 Mwana Chimwaga
Basi jibu limepatikana. Joto la biti liliacha mvutano kwenye tundu, thina ikamalizia.

#23 Mzee Kerezo
Polepole, kijana wangu wa Chimwaga. Amesema amefuta vyote viwili kwa thina, na kimoja ni kizima. Kama ni thina, cha tano kimeponaje?

Mimi nataka kujua alivyovikaza. Boliti ya spesa ina unene gani?

#24 Kibao cha Mlango
Milimita 10 mzee. Tundu 10, boliti 10. Inaingia kwa kubana kidogo, nikapenda kwa sababu haichezi.

#25 Mzee Kerezo
Haipaswi kubana. Tundu liwe kubwa kuliko boliti kwa milimita moja au mbili, kisha washa (kile kiduara cha kuweka chini ya boliti) ya mpira pande zote mbili, na ukaze kwa vidole tu. Akriliki si bati. Ukiibana na boliti inayojaza tundu umeipigia kabari.

#26 Nkuhungu Boy
Hapo nakubaliana na mzee. Na mkumbuke hali ya hewa yetu. Asubuhi ya Julai baridi unatafuta koti, saa nane mchana jua linakuunguza. Kibao kinatanuka na kusinyaa kila siku huku kimeshikwa na boliti nne. Dodoma ndiyo inavipasua vibao, si biti.

#27 Singida Alizeti
#26 hiyo ni kweli kwa bango la nje, kwa kibao cha mlango hesabu inakataa. Akriliki inatanuka karibu sehemu 70 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja, yaani mita moja inaongezeka milimita 0.07. Bango la nje la mita 2.4 likipanda nyuzi 30 linaongezeka milimita 5, na hapo tundu lisilo na nafasi lazima lipasue. Mimi matundu ya pembeni kwenye mabango marefu nayafanya marefu kama yai, la katikati peke yake ndilo duara. Lakini kibao cha sentimita 40 ndani ya korido, tuseme nyuzi 10 kwa siku, haifiki hata theluthi ya milimita.

#28 Nkuhungu Boy
Theluthi ya milimita kwenye tundu linalobana bado ni theluthi ya milimita. Nimesimama hapohapo.

#29 Muuguzi Macho
Niwatoe kidogo nje ya mada. Mimi niko idara ya macho. Hii akriliki mnayoipasua ndiyo ilikuwa lenzi ya kwanza kupandikizwa ndani ya jicho la binadamu. Daktari Harold Ridley alifanya hivyo London mwaka 1949. Aligundua kwamba marubani wa vita waliopatwa na vipande vya vioo vya ndege machoni, vioo hivyo vikiwa vya akriliki, macho yao hayakuvikataa kama yanavyokataa vitu vingine. Leo lenzi nyingi ni za aina laini zinazokunjwa, lakini mwanzo ulikuwa huu. Huwa nawaambia wagonjwa wa mtoto wa jicho.

#30 Chuma Chakavu
Dada muuguzi hii sikuijua, asante. Nitaiheshimu akriliki kuanzia leo.

#31 Zabibu Nyeusi
Nimevutiwa na #20 kwa sababu inanigusa. Natengeneza mvinyo kidogo nyumbani, zabibu natoa Hombolo. Nimekata mfuniko wa akriliki ya milimita 6 kwa ndoo ya kuchachushia, nataka tundu la 25 katikati la kuwekea kizibo cha mpira na kibomba cha kutolea hewa. Kwanza natoboaje tundu kubwa hivyo, pili mvuke wa pombe hautaupasua?

#32 Singida Alizeti
Tumia msumeno wa duara, ule wenye umbo la kikombe. Toboa nusu, geuza mfuniko, fuata tundu la katikati, malizia upande wa pili. Yakikutana katikati hakuna kona ya kung'oka. Inua mara nyingi, maana meno ya kikombe yanajaza takataka haraka, na weka maji. Ukimaliza pita na msasa laini mdomoni uondoe kila mchubuko, ufa unapenda kuanzia kwenye mchubuko.

#33 Mpwapwa Kwetu
Kuhusu mvuke, mvinyo si spiriti, nguvu yake ni ndogo. Lakini mimi nisingekisukuma kile kizibo kwa nguvu. Kizibo cha mpira nacho ni kabari.

#34 Dada Stika
Mimi ningekwenda mbali zaidi, ningetumia mfuniko wa plastiki ya ndoo yenyewe. Akriliki pale ni urembo tu.

#35 Zabibu Nyeusi
Dada, raha yote ni kuona povu linavyopanda. Siachi akriliki yangu.

#36 Kibao cha Mlango
Nimerudi na majaribio wakuu. Nimechukua kile kibao kimoja kilichopasuka kona, nikakitobolea matundu kumi na mawili katikati, mbao chini, klampu mbili.

Manne ya kwanza kwa biti yangu ya zamani bila kuigusa. Matatu safi, moja limemeguka kidogo chini. Kwa hiyo mbao peke yake imesaidia kuliko nilivyodhani.

Manne kwa biti niliyoiua makali kama #7. Mzee, Mungu akuweke. Drili haivutwi kabisa, inasubiri niisukume. Utepe ukatoka mrefu mpaka nikauweka mfukoni nikamwonyeshe mwanangu. Yote manne safi, mdomo umefifia kidogo tu.

Manne kwa biti ya pia niliyoazima kwa fundi umeme jirani. Yote manne safi, na mdomo unang'aa kuliko wa biti ya mzee.

Halafu nikafuta matundu yote kwa thina kwa makusudi, nikayaacha usiku. Asubuhi matundu mawili yana vinyufa kama nywele: lile lililomeguka, na moja la biti ya pia. Hilo la biti ya pia nakumbuka nilisahau maji, bonge likanata.

#37 Mwana Chimwaga
Umeona? Joto na thina. Yale uliyopooza yamestahimili.

#38 Mzee Kerezo
Na lile lililomeguka halikuwa na joto, lilikuwa na mchubuko. Kwa hiyo si joto peke yake.

#39 Dada Stika
Na hayo yote ni kwenye kipande kimoja. Kama ni ya kusukumwa, mvutano umo tayari kabla hata hujashika drili. Ulipeleka kwenye leza?

#40 Kibao cha Mlango
Nimepeleka. Mchoro umetoka… si mweupe, si wa maji. Jamaa wa leza mwenyewe amekuna kichwa.

#41 Dada Stika
Mwambie apunguze nguvu ya leza arudie. Nguvu ikizidi inachanganya.

#42 Singida Alizeti
Kuna njia ya kuondoa mvutano kabla ya kufunga: oveni nyuzi 80 kwa saa kadhaa, kisha izimwe na kibao kipoe humohumo polepole bila kufungua mlango. Kwanza bandua karatasi zote. Wenye leza wengi hawafanyi, na ndiyo maana kingo za leza zinapasuka zikifutwa kwa spiriti.

#43 Nkuhungu Boy
Oveni ya keki ya mke wangu? Hapo nitapasuka mimi.

#44 Mpwapwa Kwetu
Ngoja. Tumefika #43 na hakuna aliyeuliza tundu liko umbali gani kutoka ukingoni. Ufa wake wote unakwenda ukingoni. Majaribio yake ametoboa katikati, penye nyama pande zote, ndiyo maana yamependeza.

#45 Kibao cha Mlango
Kutoka mdomo wa tundu hadi ukingo ni milimita 7. Mchoro wa mteja ulitaka boliti zikae kabisa kwenye kona.

#46 Mzee Kerezo
Saba kwa tundu la kumi! Mimi siachi chini ya mara moja na nusu ya tundu, mara mbili nikiweza. Kwa kumi ningeacha kumi na tano mpaka ishirini. Kijana, hapo umetoboa kwenye ukuta wa karatasi.

#47 Nkuhungu Boy
Lakini cha tano nacho ni milimita 7, na ni kizima.

#48 Mzee Kerezo
Mpaka leo.

#49 Kibao cha Mlango
Nimeongea na mteja asubuhi hii. Amekubali boliti ziingie ndani, milimita 20 kutoka ukingo. Spesa nimebadilisha, nachukua za milimita 8 na tundu linabaki 10, washa za mpira nimekata kwenye tyubu ya baiskeli. Thina nimeifunga kabatini, gundi natoa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Vibao kumi natoboa kesho alfajiri kabla jua halijakolea, kwa biti ya mzee. Cha tano nimemwomba mteja asikiguse wala asikifute, nataka kuona kitafika lini.

#50 Singida Alizeti
Kwa nini biti ya mzee na si ya pia, wakati umesema mwenyewe mdomo wake unang'aa zaidi?

#51 Kibao cha Mlango
Ya pia ni ya kuazima mkuu, jirani ana kazi yake Ipagala kesho. Na hii ya mzee nimeinoa kwa mkono wangu.